Asiye na jiko na riziki yake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Mwenye kuwaruzuku viumbe wa nchi kavu na wa baharini, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo, Ijumaa ya leo tunakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaliona dogo mno kuandikwa katika ukurasa wa dini, nalo ni chakula cha mtu asiyekuwa na jiko.

Tuseme mapema kuwa neno jiko tunalitumia kwa maana yake ya asili, ijapokuwa ile maana nyengine nayo haiko mbali. Wazee wetu kijana akioa husema amepata jiko. Basi vijana tunaowakusudia hapa, wengi wao wameyakosa majiko yote mawili.

Mwenye kutoka mjini Unguja akaelekea mashariki hufika Uroa, kijiji cha Wilaya ya Kati kilichokaa ukingoni mwa bahari, kaskazini ya Chwaka. Watu wake ni wavuvi, wakulima wa mwani na wasokotaji wa kamba za makumbi. Kwa miaka mingi sasa pwani hiyo imeota hoteli, na hoteli hazikuja peke yake. Zimekuja na vijana kutoka Pemba, kutoka mashamba ya Unguja na kutoka Tanzania bara. Huyu mlinzi, yule mfagiaji, mwengine fundi wa kuezeka makuti. Kijana wa namna hii hukodi chumba kimoja. Ndani mna kitanda, ndoo ya maji, na msumari ukutani wa kutundikia nguo. Mwenye nyumba amemkataza kuwasha mkaa ndani, na amefanya vyema kumkataza, kwa sababu tutakazozitaja. Jiko la uani ni la familia, na yeye ni mgeni anayeona haya kulikaribia.

Matokeo yake tunayajua. Asubuhi hunywa chai ya rangi na andazi moja. Jioni husimama barabarani akanunua chipsi, na kesho chipsi, na keshokutwa chipsi na soda. Mshahara haujafika nusu ya mwezi umekwisha, naye hajashiba wala hajapata nguvu, na mama yake aliyeko kijijini anasubiri simu ambayo haipigwi kwa sababu mwana hana cha kutuma. Wengine huingia katika madeni ya dukani. Wengine hufunga, si kwa nia ya sunna, bali kwa kuwa hawana cha kula. Hili ndilo linalotufanya tuliandike jambo hili katika ukurasa wa dini: nafaka na samaki wamejaa pwani ile ile, na mja wa Mwenyezi Mungu analala na njaa kwa kukosa mafiga matatu na mtu wa kumwambia karibu.

Tutazame nyumba bora kuliko zote ilikuwaje. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Bi Aisha (R.A.) alimwambia Urwa bin Zubeir, mtoto wa dada yake, kwamba walikuwa wakiuona mwezi mwandamo, kisha mwengine, kisha wa tatu, miandamo mitatu ndani ya miezi miwili, na katika nyumba za Mtume (S.A.W.) haujawashwa moto. Urwa akastaajabu, akauliza walikuwa wakiishi kwa kitu gani. Akamjibu kuwa ni kwa vile viwili vyeusi, tende na maji. Isipokuwa Mtume alikuwa na majirani katika Ansari wenye mifugo ya maziwa, nao wakimpelekea. (Maji bila shaka si meusi. Ni desturi ya Waarabu kuvitaja vitu viwili kwa sifa ya kimojawapo.)

Wengi wetu tukiisoma hadithi hii hulizwa na ufukara wa Mtume wetu, tukaishia hapo. Lakini ndani yake mna mafunzo ya siha na ya ujirani pia. Tende zina sukari ya kutia nguvu, maziwa yana vinavyojenga mwili, na vyote viwili havihitaji kijiti cha kiberiti. Na jiko la nyumba ile, kwa miezi miwili, lilikuwa ni mlango wa jirani.

Kisha kulikuwa na watu wa Suffa. Hao walikuwa ni masahaba mafakiri waliohamia Madina bila ya mali wala jamaa, wakakaa katika kibaraza kilichoezekwa nyuma ya msikiti wa Mtume (S.A.W.). Hawakuwa na nyumba, sembuse jiko. Mtume hakuwaacha wakabahatishe. Amepokea Bukhari kuwa aliamrisha mwenye chakula cha watu wawili achukue wa tatu katika wao, na mwenye chakula cha wanne achukue wa tano au wa sita, Abu Bakar (R.A.) akaondoka na watatu, na Mtume mwenyewe akaondoka na kumi. Na Ansari, wakati wa mavuno, walikuwa wakileta vishada vya tende wakavitundika kwenye kamba baina ya nguzo mbili za msikiti, na mwenye njaa akaja akapiga kwa fimbo yake, zikaanguka, akala. Walipotokea wachache waliotundika vishada vya tende mbovu ndipo iliposhuka aya ya 267 ya Suratul Baqara, yenye kukataza kuchagua kibaya tukakifanya ndicho cha kutoa.

Sasa turudi Uroa, tumtazame kijana wetu na ndoo yake. Anaweza kula nini?

Tunaanza na visivyohitaji moto kabisa, kwa kuwa hivyo ndivyo tunavyovidharau zaidi. Tende wengi wetu huzinunua Ramadhani tu, kama kwamba zimefaridhishwa pamoja na saumu. Tende saba na bilauri ya mtindi ni chakula cha asubuhi kinachomfikisha mtu adhuhuri, na akiongeza konzi ya karanga atafika alasiri. Ndizi mbivu na boflo, embe wakati wake, kipande cha nazi kikatafunwa pamoja na tende kwa asiyekuwa na mbuzi ya kukunia. Abdallah bin Jaafar (R.A.) ameeleza kuwa alimwona Mtume (S.A.W.) akila tende mbivu kwa matango, na imepokewa na Bukhari na Muslim. Matango yanapatikana sokoni mwaka mzima, na hatujapata kumwona kijana yeyote aliyeijaribu sunna hiyo.

Dagaa nao wana sifa yao. Wale wanaochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kama ifanywavyo sana hapa Unguja, wameshapikwa kabla ya kufika dukani. Waondoe vichwa, wamiminie maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, wachuje, kisha katia kitunguu, nyanya na pilipili mbichi, kamulia ndimu au tia siki, wakae robo saa. Kwa boflo au kwa muhogo wa kuchemsha ni kitoweo kamili. Na asiseme mtu kuwa kachumbari na siki si kitoweo cha heshima. Mtume (S.A.W.) aliuliza nyumbani kwake kuna kitoweo gani, akaambiwa hapana ila siki, akaitaka, akawa anaila na huku anaisifu. Amepokea Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.).

Chupa ya chai tuliyoitaja ina kazi zaidi ya chai. Mwenye chupa nzuri ya mdomo mpana anaweza kuroweka choroko usiku kucha, asubuhi akazichemsha dakika kumi tu kwenye jiko la kuazima, akazimimina pamoja na maji yake yanayotokota ndani ya chupa iliyokwisha pashwa moto, akaifunga barabara. Akirudi kazini atazikuta zimeiva. Kwa sufuria ni hivyo hivyo: ikishachemka, ifunikwe, itiwe ndani ya kapu lililojazwa nguo kuukuu au makumbi makavu, ifunikwe na juu, iachwe. Wali hupwewa humo taratibu wala hauungui. Bibi zetu waliokuwa wakipalia makaa juu ya kifuniko walikuwa wakiijua elimu hii ya moto usioonekana.

Jambo hili linawafaa hata wenye majiko yao. Tangu kilimo cha mwani kianze kibiashara katika pwani ya mashariki mwaka 1989, mama wa Uroa wakati wa bamvua hushuka baharini asubuhi maji yakipwa na hurudi karibu na adhuhuri, amelowa na amechoka, na watoto wanarudi chuoni wana njaa. Kapu hilo lingemfaa kuliko mtu mwengine yeyote. Tahadhari moja tu: maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili kabla ya kufunikwa. Yakipikwa kwa uvuguvugu tu huwa yana sumu ya kutapisha.

Mwenye kupata moto wa nje hata wa saa moja, huyo ni tajiri. Shelisheli zima likitiwa katika makaa ya vifuu na makumbi hadi ganda likawa jeusi, halitaki sufuria wala sahani. Linapasuliwa, linatiwa chumvi, linaliwa. Muhogo mtamu vivyo hivyo. Ama ule mchungu usichomwe, kwani sumu yake haiondoki kwa moto wa juu juu. Na samaki wa chukuchuku, ambaye ni tasi au changu aliyenunuliwa pwani mtego unapofika, huchemshwa kwa maji, ndimu, chumvi, pilipili na kipande cha embe mbichi, bila ya tone la mafuta. Robo saa yuko tayari. Sisi binafsi hatujui mchuzi ulio mtamu kuliko huo, na mwenye kutubishia na abishe baada ya kuuonja. Ila samaki awe mbichi. Jodari na vibua vilivyokaa juani huota sumu ya kuwasha mwili na kupandisha mapigo ya moyo, na sumu hiyo haiondolewi na kupika.

Kuna watakaosema, kwa nini kijana asinunue jiko la umeme akamaliza maneno? Umeme umefika Uroa tangu miaka ya 1990. Mtafiti mmoja kutoka Norway, Tanja Winther, aliishi kijijini hapo na akaandika kitabu kilichotoka mwaka 2008, akaonesha kuwa watu waliupokea umeme kwa taa na televisheni, lakini kupika waliendelea kupika kwa kuni. Wageni huweza kushangaa. Sisi tulioshuhudia giza la Unguja nzima kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale waya wa chini ya bahari ulipoharibika, hatushangai sana. Mwenye kuweza jiko la umeme na alinunue, lakini asiyasahau mafiga.

Ama mkaa ndani ya chumba cha kulala, hapo hatuna rukhsa ya kutoa. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyokuwa na harufu wala rangi, na mtu hulala akiwa mzima asiamke. Mtume (S.A.W.), ilipoungua nyumba moja Madina usiku pamoja na watu wake, alisema kuwa moto ni adui yetu, na akaamrisha tuuzime tunapokwenda kulala. Seredani ikae nje, na mwenye nyumba ampe mpangaji wake pembe ya ua yenye kivuli badala ya kumpa marufuku tu.

Na kwa kuwa tumetaja bahari, hatuwezi kuipita khabari ya kasa. Bahari ni karamu ya asiye na kitu. Jeshi la Abu Ubaida (R.A.), watu mia tatu, lilipofika pwani lilikuwa limebakiwa na tende moja kwa kila mtu kwa siku, kisha likala majani, mpaka Mwenyezi Mungu akawatupia ufukweni samaki mkubwa mfano wa kilima, na Mtume (S.A.W.) waliporudi akataka naye aonjeshwe. Mawindo ya bahari ni halali kwa nassi ya Suratul Maida, aya ya 96. Lakini Machi 2024, katika kisiwa cha Panza kule Pemba, watu tisa walikufa kwa kula nyama ya kasa, wanane kati yao wakiwa ni watoto, na wengine wengi walilazwa hospitali. Kabla ya hapo, Novemba 2021, Pemba ilikwisha wazika watu saba kwa sababu hiyo hiyo. Sumu ya kasa haimtofautishi aliyepikwa vizuri na aliyepikwa vibaya. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu visiwani, kauli yenye kutegemewa ni kuwa kasa haliwi. Sheria ya nchi pia inamlinda. Tunawausia wazee: nyama ya bure isiyojulikana na iliyokatazwa isiingie kinywani mwa mtoto, hata njaa ikiwaje, madhali kuna muhogo na dagaa.

Kinachobaki ni kizito kuliko mapishi. Chakula cha mtu mmoja ni ghali, na mtu akila peke yake hula vibaya. Wavuvi wetu wanaokwenda dago walilitambua hili zamani. Huko kambini hakuna jiko ila mawe matatu na sufuria moja, na wanakula bia: huyu ametoa mchele, yule nazi, chombo kimetoa samaki, na upishi ni kwa zamu. (Vijana wa leo watusamehe, bia tunayoisema ni neno la kale la kuchangiana chakula, si kile kinywaji kilichoharamishwa.) Vijana wanne wa vyumba vinne wakila bia, hununua sufuria moja, kapu moja na mkaa wa siku moja, na kila mmoja hupika mara moja katika siku nne. Haya ndiyo waliyokuwa wakiyafanya watu wa kabila la Ash'ari kutoka Yemen. Chakula kilipowapungukia vitani au Madina walikuwa wakikikusanya chote katika nguo moja, wakakigawa sawasawa kwa chombo kimoja, na Mtume (S.A.W.) akasema kuwa wao wanatokana naye na yeye anatokana nao. Sifa hiyo hawakuipata kwa vita.

Huulizwa pia juu ya chakula kinachobaki hotelini. Akipewa mfanyakazi na mwenye mamlaka ya kutoa, ni halali yake. Akikichukua kwa siri, hata kama kingetupwa, amevunja amana aliyoajiriwa kwayo. Na aulize kilichomo, kwani katika majiko hayo huingia nguruwe na mvinyo, na pasipo kujulikana ni bora aache, ale mboga na matunda. Masufuria ya huko akiazimwa, ayaoshe vyema kisha apikie, ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyomjibu Abu Thaalaba al-Khushani (R.A.) alipouliza juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu.

Na nyinyi wenye majiko, wenye kukodisha vyumba na wenye kuishi ukuta kwa ukuta na vijana hawa, hadithi ya Abu Dharr (R.A.) katika Muslim inakuhusuni moja kwa moja: ukipika mchuzi, zidisha maji yake, uwaangalie majirani zako. Hakutaja nyama wala pilau. Ametaja maji, ambayo hayamtii mtu hasara. Ile hadithi nyengine mashuhuri, ya kutomuudhi jirani kwa harufu ya chungu chako, sanadi yake ni dhaifu, lakini hii ya Abu Dharr ni sahihi na inatosha. Katika msikiti wenye nyumba ishirini zinazouzunguka, nini kinachozuia kila nyumba ikaandikiwa kijana mmoja wa kula naye usiku wa Ijumaa, kama walivyogawanywa watu wa Suffa? Imamu anawajua, wamesimama nyuma yake kila alfajiri.

Amewahi kuulizwa mwandishi wa ukurasa huu, je, kijana wa namna hii anaweza kupewa zaka ya fitri? Anaweza, ikiwa mshahara wake haumtoshelezi haja zake za lazima, kwani miskini si lazima awe hana kazi. Wale watu waliokuwa na jahazi katika Suratul Kahf walikuwa na chombo na kazi, na Qur'ani ikawaita masikini. Lakini kwa madhehebu yetu fitri hutolewa nafaka, pishi moja, yaani vibaba vinne, wala haisihi kutoa wali uliokwisha kupikwa. Na mchele mbichi kwa asiye na jiko utamfaa nini? Jibu letu ni kuwa mkabidhi pishi yake ya mchele mkononi, imilki yake itimie, kisha mwambie: uache hapa kwetu, tutakupikia, njoo uule pamoja na watoto. Hapo fitri imesihi na kijana amekula. Wallahu aalam.